Mwalimu Raphael Kasonso na Matanuru ya Chipongo

Hivi, ni nani kati yenu mliokaa chini ya maturubai haya ambaye hajawahi kupandishwa kilima cha Chipongo na Mwalimu Raphael, akihema kama ng'ombe wa jembe, huku Mwalimu yuko mbele na kofia yake ya pama, hana hata tone la jasho, anageuka na kuuliza, "Jamani, mmekula au mmekunywa chai tu?" Kama yupo wa hivyo, sisi familia tunampa pole mara mbili, ya msiba na ya kukosa.

Marehemu Raphael Ignasi Kasonso alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 kijijini Mwimbi, katika eneo ambalo siku hizi ni Wilaya ya Kalambo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ignasi Kasonso na Mama Kristiana, wakulima wa ulezi na maharage, watu wa adabu ile ya Kifipa ambayo mgeni akichomoza tu njiani mama mwenye nyumba anapiga magoti na makofi, mtoto anakimbizwa kuleta kigoda, na kama mgeni alitanguliza taarifa, basi ukuta wote wa nyumba unasiribwa udongo mpya, kwa sababu kumkaribisha mtu kwenye ukuta uliopasuka ni sawa na kumwambia kwamba hukumtarajia wala hukumtaka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwimbi kuanzia mwaka 1959, akaendelea na middle school ya misheni mwaka 1963 hadi 1966, akaenda sekondari Mbeya, akamaliza mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha ualimu alikohitimu Desemba 1972, na Januari 1973 alikuwa tayari amesimama mbele ya darasa huko Chala, ana chaki mkononi na nyumba ya mwalimu mgongoni, bila CV, bila koneksheni, bila kuambiwa na mtu kwamba ajiajiri, jambo ambalo tunalisoma polepole makusudi ili waliokaa viti vya mbele walisikie vizuri.

Akiwa Chala ndipo alipomwona Tusajigwe, binti wa karani aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, wakafunga ndoa takatifu tarehe 25 Septemba 1976, na siku ya harusi bibi harusi aliwachekesha wageni wote aliposema kwamba ameolewa na kabila linalopiga makofi hata kwa mbuzi likipishana naye njiani, bwana harusi akajibu, "Mbuzi wetu huitikia, mke wangu, wewe nakusalimia tangu asubuhi umenuna," na utani huo haukuisha mpaka wiki hii. Mungu aliwajalia watoto wanne, Victoria, Abeli, Kelvin na Gift, na wajukuu tisa, ambao wanne kati yao wana digrii na wote wanne wako nyumbani.

Mwaka 1979 alihamishiwa Mtowisa, huko bondeni Rukwa kwenye joto na mpunga, naye mtu wa baridi akashuka na koti lake zito, akalivaa kwa ubishi mpaka wanafunzi walipomwonea huruma, lakini ni huko alikogundua kipaji chake, maana aliona vijiji vinavyogombania malisho vikikaa kwa amani siku moja tu, siku ya mashindano ya ngoma, basi akayafanya mashindano hayo kila mwaka, akiwa yeye ndiye mshereheshaji, yeye ndiye mwamuzi, na wakishindwa kukubaliana, yeye ndiye mcheza ngoma wa kukata mzizi wa fitina, japo hakuwa anajua kucheza.

Mwaka 1986 alihamia Sumbawanga mjini, akafundisha jiografia hadi alipostaafu mwaka 2011, na ni katika kuzungusha wanafunzi milimani ndipo alipozoea kula chakula cha mchana kwenye kivuli cha vichuguu viwili vikubwa pale Chipongo, virefu kuliko watu wawili waliopandiana mabegani, akakila kivuli hicho miaka kadhaa, hadi siku aliyokalia jiwe jeusi zito la ajabu, akalipeleka kwa mtaalamu mmoja aliyepita mjini, akaambiwa kwamba amekalia mavi ya chuma, na kwamba vichuguu vyake ni matanuru ambamo mababu wa Kifipa waliyeyusha chuma cha majembe yaliyouzwa hadi ng'ambo ya ziwa. Mwalimu hakuona aibu hata kidogo, alikuwa mtu wa sifa na alijua pa kuzipata, kesho yake alisimama mbele ya darasa na kutangaza, "Mimi mwalimu wenu wa jiografia nimekula ugali miaka minane nimeegemea historia, sasa nani ataniambia ninyi mnaegemea nini huko makwenu?"

Hapo ndipo lilipozaliwa Tamasha la Chipongo, la kwanza likiwa Agosti 1995, baada ya mavuno, wakati upepo wa Ufipa unapasua midomo, akina mama wakicheza nsimba, ile ngoma ya chungu na kigoda inayonguruma kama mnyama tumboni mwa ardhi, wanaume wakishindana kupanda kilima na gunia la maharage, wauza mchele wakipanda kutoka Mtowisa, wavuvi wakija na migebuka iliyokaushwa kutoka Tanganyika, Wakristo na Waislamu sufuria moja, na wageni wakaanza kuja, kwanza walimu wenzake, halafu watu wa Mbeya, halafu Wazungu wenye mabegi mgongoni waliokuwa njiani kwenda kuona maporomoko ya Kalambo, ambao Mwalimu aliwasimamisha barabarani kabisa kama askari wa usalama, akawaambia kwa Kiingereza chake cha misheni, "Gentlemen, the waterfall will wait, it has nowhere to go." Mji huu ambao watu waliujua kwa baridi na kwa maneno ya uchawi tu ukapata siku moja kwa mwaka ya kujulikana kwa kitu kingine, na aliyefanya hivyo hakuwa wizara wala mfadhili, alikuwa mwalimu mwenye filimbi.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingeweza kuruka, lakini Mwalimu mwenyewe alikataza pasirukwe. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mgeni rasmi mkubwa atakuja kwenye tamasha, Chipongo nzima ikaingiwa na kiwewe cha adabu, nyumba zikasiribwa, njia zikafagiwa, na mtu mmoja akasema, hivi, mgeni ataonyeshwa matanuru yaliyopasuka namna ile, si atatuona hatuna akili? Hakuna aliyepinga, kwa sababu kila mmoja pale alilelewa kusiriba ukuta mgeni akija, na kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa, udongo ukaonekana ni dharau, ikaletwa saruji, tanuru la kwanza likapigwa plasta kuanzia chini hadi juu, likapakwa chokaa na mstari wa bluu, pesa zikaisha kabla ya kulifikia la pili, na Mwalimu Raphael ndiye aliyeshika ngazi na kupiga makofi. Mgeni rasmi alikaa muda mfupi, akapiga picha, akasifu usafi, akaondoka. Masika ya Machi 2010 maji yakaingia kwa juu, yakakosa pa kutokea, udongo wa ndani ukavimba kama uji, na tanuru lililosimama tangu enzi za mababu wa mababu likafumuka na kulala chini pamoja na saruji yake.

Wenzake walitaka kifusi kizolewe kimyakimya, Mwalimu akakataa, akakifanya kuwa kituo cha kwanza cha kila ziara, akawasimamisha wageni mbele yake, akavua kofia, na kusema, "Hili tuliliua kwa heshima zote," kisha ndipo akawapeleka kwenye lile la pili lililo zima, ambalo kuanzia mwaka huo alilijengea kipaa cha nyasi kwenye nguzo zake chenyewe, kisichogusa udongo, akakiezeka upya kila mwaka kwa mikono yake na ya wanakijiji, akaandika maombi ya kujengewa kipaa cha bati na kuajiriwa vijana wa kutembeza wageni, na majibu aliyopata yote yalikuwa ya adabu sana, yakisema Chipongo ina potential. Potential! Tumezaliwa tumeikuta, tumesoma utalii chuo kikuu tukaisikia kila semista, na tutaiacha hapahapa ikiwa na potential.

Mwalimu alianza kuugua Januari mwaka huu wa 2025, kisukari alichoishi nacho muda mrefu kikagusa figo, akalazwa hapa Sumbawanga, akapelekwa Mbeya, akarudishwa nyumbani mwezi wa nne akiwa na nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfikishia habari kwamba kamati ya tamasha imepata tena mgeni rasmi kwa ajili ya Agosti, imeandaa kitu inachokiita renovation, na saruji imekwishapandishwa Chipongo, iko chini ya turubai, hatua chache tu kutoka kwenye tanuru lililobaki. Aliomba apelekwe, mama Tusajigwe akamwambia, "Baba Victoria, wewe miguu imevimba kama mihogo, unakwenda kupigana na nani?" akapelekwa hivyo hivyo kwa bajaji hadi barabara ilipoishia, akabebwa kwenye kiti hadi juu, akawakuta mafundi wakichekecha mchanga, na kiongozi wao, Christopha, ambaye ni mwanafunzi wake wa zamani, akapiga magoti, "Shikamoo Mwalimu, sisi tumetumwa tu."

Mwalimu hakumgombeza, alimwomba tu amwoneshe mahali ambapo tanuru la kwanza lilikuwa limesimama, Christopha akatazama kifusi, akatazama chini, kisha akasema, "Sitaligusa hili wewe ukiwa unaumwa, Mwalimu. Ukipona tutazungumza." Mwalimu akacheka hadi akakohoa, akasema, "Basi wacha niendelee kuumwa, mwanangu, nimepata kazi baada ya kustaafu." Aliifanya kazi hiyo kwa wiki saba, kwa maumivu ambayo walioyaona hawatayasahau, na kila aliyeingia chumbani kumwona aliulizwa habari za Chipongo kabla ya kuulizwa habari za nyumbani kwake, mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 5 Juni 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na Mbeya waliomhudumia na kuvumilia mihadhara yake ya jiografia wodini, majirani walioleta kuni, unga na mabega yao, walimu wenzake waliokuja kutoka Chala na Mtowisa, akina mama wa nsimba waliokesha nasi, na wote ambao hatukuwataja kwa kukosa nafasi na si kwa kukosa shukrani. Mwalimu, umetembeza watu vya kutosha, sasa keti, tua kofia yako, ulale salama mikononi mwa Mungu.

Na ninyi wa kamati ya tamasha, mliokuja na shada kubwa kuliko yote, pole zenu tumezipokea, lakini mgonjwa aliyewazuia mafundi hayupo tena, ahadi ya Christopha imeishia kaburini hapa, na mnaelewa fika maana yake. Familia haiombi sanamu, haiombi barabara yenye jina lake, haiombi dakika ya ukimya mbele ya mgeni rasmi. Inataka saruji ile ishushwe kutoka Chipongo kabla hamjanawa mikono kwa ajili ya chakula cha msiba, na tunataka mseme hapa, mbele ya jeneza na watu hawa wote, ni nani kati yenu anakwenda kuishusha.