Mama Mate, Mpimaji wa Vidude vya Kung'ata

Ndugu na jamaa, wakwe zetu, majirani, na nyinyi wenzake wa maabara mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imenituma mimi, mdogo wa mume wake, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na imenionya nisitie chumvi, maana mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo, hakupenda kitu kizidi kiasi chake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee wa fundi bomba na mshona nguo, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba binti huyo, hata dawa ya kikohozi, hakuimeza mpaka aambiwe imetiwa nini.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia Januari 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako walimu walimwita Swali Moja kwa sababu kila akinyoosha mkono alisema ana swali moja tu, na halikuwa moja, kisha akaingia chuo cha ufundi, akatoka mwaka 1974 na stashahada ya kemia.

Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya serikali, kwenye chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama maegesho ya magari, akawa anapima maji, unga na rangi za nyumba, na tarehe 17 Desemba 1977 akafunga ndoa na kaka yangu, seremala, ambaye alimpata alipokwenda kutengeneza milango ya makabati ya maabara hiyo, kazi ambayo, kwa jinsi alivyoivuta, ingeweza kujenga nyumba nzima. Mungu akawajalia watoto watatu, binti mwaka 1979, na wavulana wawili, 1982 na 1986.

Ni huyo binti aliyemfungulia mama yake njia, maana alipoanza kuota meno alinunuliwa kidude cha kung'ata, kile cha plastiki laini wanachopewa watoto ili fizi zitulie, na baada ya wiki moja mama akaona kidevu cha mwanawe kimekuwa chekundu, akadhani ni damu, kumbe ni rangi. Akaenda kwa mkuu wa maabara, akamuuliza, "Mzee, hivi vidude vya watoto nani anavipima?" Mkuu akamjibu kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Shemeji akasema, "Mwenye kulalamika bado hajajua kusema." Mkuu alicheka, lakini alikuwa mtu muungwana, akampa kona ya meza na ruhusa ya kuanza.

Alichofanya ni kuchanganya maji na chumvi za namna namna mpaka yakakaribia mate ya mtoto, akayapasha joto la mwili, akavitosa vidude humo, vikatikiswa na mashine kama vinavyotafunwa, kisha akayapima mate yale aone yamebeba nini, na mara nyingine yalibeba kemikali zinazotiwa kulainisha plastiki, ambazo hazifai kuingia katika mwili wa mtu, sembuse wa kichanga. Wenzake wakambandika jina la Mama Mate, naye kaka yangu akawa anatamba mtaani kwamba ameoa mwanamke anayelipwa mshahara kwa kutengeneza mate, wakati wenzie wanayatema bure.

Mwaka 1991 mtihani ulimfika nyumbani kwake. Kaka, kwa kuona mkewe anavikataa vidude vya plastiki, alianza kuchonga vya mbao, vya umbo la samaki na la pete, akivipaka rangi zilizong'aa, na vikapendwa mno, hata duka lililo karibu na wodi ya wazazi likawa haliwezi kukaa bila hivyo, naye akaajiri mafundi wawili. Kwa kujiamini akampa mkewe kimoja, akamwambia, "Kapime na cha kwangu, uonje mti usio na lawama." Shemeji hakutaka ionekane anampendelea mume wala anamkomoa, akampa mwenzake apime, na majibu yalipotoka, akaja karakanani mwenyewe, angali na koti jeupe.

"Baba watoto, mti wako ni safi. Rangi yako ya njano ina madini ya risasi."

"Rangi nimenunua dukani kama watu wote."

"Na watoto wameilamba kama watoto wote."

Kaka akamuuliza kama anataka afunge karakana, mafundi wake wale mawe, naye akajibu kwamba anachotaka ni wavifuate vyote, kimoja kimoja, popote vilipo. Kaka alikasirika, hatuwafichi, na kwa siku kadhaa hawakusemezana ila kwa kupitia watoto, mwambieni mama yenu hivi, mwambieni baba yenu vile, mpaka asubuhi moja kaka akachukua kikapu, akafunga karakana, akamngoja mkewe mlangoni.

Wakapita mtaa kwa mtaa, wengine wakawashukuru, wengine wakawacheka, na mama mmoja kijana akawafokea mbele ya majirani, "Mume anauza, mke anapima, kumbe mnagawana!" Kaka alitaka kugeuka, shemeji akabaki palepale, akasema, "Nitukane mpaka uchoke, mwanangu, ila kidude nipe, na mtoto tumpeleke akapimwe damu." Walikwenda pamoja, na kweli mtoto yule alikutwa na risasi mwilini, akatibiwa mapema, akapona. Kutokana na jambo hilo rangi ile iliondolewa madukani, na ikawekwa amri kwamba kidude chochote cha mtoto kisiuzwe kabla ya kupimwa. Kaka akarudi kuchonga, safari hii bila rangi, na wateja walirudi polepole, na tangu hapo akawa anasema kwamba alijua ameoa mkemia, ila siku ya kikapu ndiyo aliyojua ameoa mtu.

Mwaka 1998 marehemu alifanywa mkuu wa kitengo, akawafundisha vijana wengi, akastaafu tarehe 30 Juni 2012. Alianza kuugua Oktoba 2021, akagundulika na saratani ya kongosho, na hata kitandani aliwauliza wauguzi mrija wa dripu umetengenezwa kwa plastiki gani, nao, Mungu awabariki, walikwenda kuuliza wakamletea jibu. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, akaacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani mliotupikia na kukesha nasi msibani, na wafanyakazi wa maabara mliofanya kazi naye, na wakati mwingine dhidi yake. Kuna watu wazima wengi katika mji huu waliokua na afya zao bila kujua kwamba kuna mtu aliwatangulia kuonja, kwa hiyo kwa niaba yao tunasema: ahsante, mama, pumzika sasa kwa amani, kazi yako imepimwa na imefaulu.