Vioo Viwili

Huko ughaibuni, ndani ya basi la kutoka Wetherill Park, baba mmoja Mkongo alikuwa akimsifia mama wa Kitanga aliyeketi naye yale madirisha anayotaka kutia nyumbani kwake Toongabbie. "Vioo mbili-mbili, maman! Joto haiingii, baridi haiingii, bili ya umeme inashuka. Mwizi atapiga nyundo mpaka achoke. Hata kelele haiingii."

"Na salamu je, mzee wangu? Zitaingia?"

"Salamu gani? Mama yangu anashinda dirishani kuamkia kila mupita njia. Sasa atawaangalia tu, kama televisheni."

"Televisheni bubu! Na wanaomjibu?"

"Nani atamujibu Kiswahili hapa?"

Kwenye kiti cha nyuma yao, Ange, kijana Mkongo mwenye haya, alishtuka. Kila asubuhi akielekea stesheni ya Toongabbie, bibi mmoja humwita kutoka dirishani, "Umeamuka, mutoto wangu?" naye humjibu, "Nimeamuka, koko," yaani bibi. Siku nyingine hayo ndiyo maongezi yote ya Ange.

Alitaka kusema, "Mimi humjibu." Basi likasimama. Baba akashuka, bado akisifu kufuli za madirisha. Ange akamwangalia tu kupitia dirishani, kama televisheni. Yeye vioo viwili alizaliwa navyo.