Amina za Shamba la Viazi

Tekla alikuwa amefaulu mtihani wa juu wa fasihi ya Kihispania, na kabla basi alilopanda halijafika Mafinga, abiria wote walishajua. "Nani kakufundisha?" aliuliza mama aliyekaa naye.

"Nilijisomea, mama. Nilikuwa nakariri mashairi nikipalilia viazi. Majirani wakadhani nanena kwa lugha, wakawa wanasimama kando ya shamba kuitikia amina."

"Basi kafaulu Roho Mtakatifu."

"Mama, jasho lilikuwa langu!"

"Na amina zao je?"

Basi liliposimama Nyololo, mama alishuka na mizigo yake, akageukia dirishani. "Hebu sema kidogo, nisikie."

Tekla akasimama, kifua mbele, akaghani ubeti mzima wa Kihispania. Abiria wote wakaitikia: "Amina!"