Radhi Yangu Iko Kwenye Benchi la Kliniki

Niinueni kidogo, mniwekee ule mto wa sufi mgongoni, na wewe Mwanahamisi zima hiyo redio, maana leo nazungumza mimi na sitaki kushindana na mtu. Shekhe Bakari, sogea karibu, nimekuita uwe shahidi. Dada Modesta, kaa, hiyo presha utanipima baadaye. Shafii, mwanangu daktari, simu weka mfukoni. Mfaume, acha hiyo miche, nawa mikono, uje ukae hapa kwenye mkeka mbele ya mdogo wako. Si huko mlangoni. Hapa. Farida mjukuu wangu, kaa karibu na mama yako Mwanahamisi. Haya, sasa tumetimia.

Mimi Somoe binti Athumani nayasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na neno hilo la akili timamu nalitamka kwa makusudi, kwa sababu nimeona mtu akinyimwa haki zake kwa neno hilo hilo. Ini langu limekataa kazi. Shafii ulinieleza kwa kuzungukazunguka weee, lakini nilikuelewa tangu neno la kwanza, basi usijitese tena kutafuta maneno laini. Nakwenda. Nimeshiba miaka yangu na simlaumu Mungu kwa hilo.

Shamba hili la hapa Naliendele, mikorosho na kipande cha mihogo, ligawanywe kama dini inavyosema, Shekhe anajua mafungu. Ila sikilizeni vizuri, wanangu: fungu la Mfaume ni fungu la mtoto wa kiume, kamili, lisipunguzwe hata shina moja. Juzi nilisikia, nimelala lakini sijafa, mtu akisema pale barazani kwamba fungu lake liandikwe kwa jina la mwingine kwa kuwa yeye hawezi kusimamia mali. Aka! Nusu ya mikorosho ile kaibebesha yeye kwa mikono yake, kuunga kikonyo cha mti bora juu ya mche, kama alivyofundishwa na wataalamu wa utafiti pale kituoni, na miche yake watu wanaifuata kutoka Mikindani. Wewe Shafii hujui hata mikorosho hii inatoa maua mwezi gani. Asimamie mwenyewe, na Mwanahamisi awe karibu yake kama alivyokuwa siku zote.

Hayo ya shamba ni mepesi. Sasa nije kwenye lile lililonifanya niwaite.

Huyu Mfaume ndiye aliyekubeba kwenye keria ya baiskeli, Shafii, kukupeleka shule, na ndiye aliyekufundisha kusoma kabla mwalimu hajakugusa. Alikuwa chuo cha ualimu, ana miaka ishirini na miwili, yalipomwanza. Nilimpeleka kwa waganga, akafukizwa, akachanjwa, kuna mmoja alimfunga kamba miguuni siku tisa na mimi mama yake nikakubali, Mungu anisamehe. Mwisho tukaelekezwa hospitali, kwenye kliniki ya akili, ambayo wameiweka nyuma ya chumba cha kufulia, ukitaka kufika lazima upenye katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Huko ndiko tulikomkuta Modesta. Tangu hapo ni sindano moja kila mwezi, miaka ishirini na miwili, mvua inyeshe jua liwake, mimi na yeye kwenye benchi lile.

Benchi lile limenifundisha mengi. Nimewaona madaktari wakifika usawa wetu wanaongeza mwendo. Nimesikia wauguzi wenzake wakimwita Modesta Mama Vichaa, naye anacheka na kuendelea na kazi. Mfaume akisema tumbo linamuuma, daktari akishaiona kadi yake humwangalia machoni badala ya kumshika tumbo, kisha anamrudisha nyuma ya kufulia, eti huko ndiko kwao. Nilifikiri hawa wamesoma sana mwili wa mtu mpaka wakasahau kuwa kuna mwenye huo mwili. Nikajisemea, ngoja wangu akimaliza, wangu hatakuwa hivyo, maana yeye ugonjwa huu kaukuta nyumbani.

Wangu akaja. Unaikumbuka siku ile, Shafii? Mlikuwa wanafunzi kumi na wawili, mko mwaka wa nne, makoti yenu meupe yana mikunjo ya dukani, mmeletwa na mwalimu wenu kujifunza. Sikujua kama utakuwamo. Mwalimu akamchagua Mfaume, akamsimamisha mbele yenu kama kuku wa mnadani, akamuuliza, leo siku gani, hapa wapi, yote akajibu. Akamuuliza, unasikia sauti? Mfaume akasema, nasikia yako mwalimu, na za hawa wanaocheka. Mkazidi kucheka. Na wewe, nyuma kabisa, umeziba mdomo kwa daftari, mabega yanatikisika. Mfaume akakuona. Mimi nilimwona akikuona. Mwalimu akauliza tena, una ndugu wangapi? Mwanangu huyu akainamisha kichwa, akasema, ninaye dada mmoja.

Dada mmoja! Alikufuta ili usifedheheke mbele ya wenzako. Katika chumba kile chenye watu kumi na watatu wa kisomo, aliyekuwa na akili ni mgonjwa peke yake. Na mimi nilinyamaza, nikashika kadi yake, nikasema mwanangu bado mdogo, aibu itamtoka akishakuwa daktari. Hilo ni kosa langu na nalikiri mbele ya Shekhe.

Aibu haikutoka, ilikua pamoja na cheo. Ulipofanya akika ya mwanao pale nyumbani kwako Ufukoni, alinifuata daktari mwenzako, mtu mzima mwenye adabu, akanishika mkono kwa mikono miwili akasema, pole sana mama kwa yule mwanao aliyepotelea Msumbiji. Nikamwuliza, mwanangu yupi? Akasema, huyo kaka yake Shafii, aliyevuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha na hakusikika tena tangu vita vya kule. Mwee! Ulimvusha ndugu yako mto mzima ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha ofisini, Shafii, ukapokea na pole za watu. Na wakati naambiwa hayo, Mfaume alikuwa pale pale uani anasugua masufuria ya pilau yako, na yule daktari akamwita, we kijana, niletee maji ya kunawa. Akamletea.

Usitazame chini. Nitazame mimi. Sijamaliza.

Mwaka juzi niliteguka nyonga, nikalala wiki tisa, na Modesta naye alikuwa likizo ndefu. Nikakuomba jambo moja tu, umpeleke Mfaume kliniki. Ukasema, mama, ya nini kumhangaisha, sindano nitamletea nyumbani. Siku ilipofika Mfaume akaoga, akavaa shati lake la kliniki, akakaa hapo kizingitini tangu asubuhi. Mwanahamisi akamwambia, twende basi nikupeleke, akakataa, akasema Shafii kasema atakuja. Hukuja. Mwezi wa pili hukuja. Ukasema ulikuwa na watu wa kupasua, na mimi sibishi, ulikuwa nao, lakini ungekuwa umeahidi mtoto wa mkuu wako sindano ungesahau? Wiki ya kumi Mfaume akaondoka. Siku sita tunamtafuta. Akapatikana Kilambo, karibu na kivuko cha Ruvuma, miguu imechubuka mpaka nyama, anawaomba watu wamvushe. Ilibaki kidogo tu ule uongo wako uwe kweli.

Ndiyo maana wiki iliyopita uliponiambia, kwa sauti nzuri kabisa, mama usiwe na wasiwasi, ukiondoka nitamjengea kibanda huku shambani na mtu atakuwa anamletea sindano huku huku, asihangaike na mjini, mimi sikukujibu. Leo nakujibu. Sitaki. Asihangaike nani? Sindano inayoletwa kwa siri husahaulika kwa siri. Pale benchini anapimwa uzito, anaulizwa amelalaje, anasalimiana na wenzake anaowajua kwa majina, anakuwa mtu mwenye miadi kama watu wengine. Huwezi kumficha binadamu shambani kisha ukaita hayo matibabu.

Na usinionyeshe Farida kwa macho. Najua mlivyopanga, eti Farida anapenda mambo hayo, yeye ndiye atakayemchukua mjomba wake. Farida mjukuu wangu anasoma udaktari Dar es Salaam, na amenieleza anataka kuja kuwa daktari wa akili, na mwalimu wake kamwambia kichwa kizuri kama hicho unakwenda kukizika kwa vichaa, wenzake wakamwuliza kama kwao kuna mgonjwa. Na wewe mjomba wake, uliyepaswa kusema ndiyo, kwetu yupo, ulimwambia nini? Kwamba hiyo si fani, ni kimbilio la walioshindwa kushika kisu. Sawa. Mimi sikusoma, lakini nimekaa kwenye benchi miaka ishirini na miwili, na nakuambia kukata tumbo la mtu aliyelazwa usingizi ni rahisi kuliko kukaa mbele ya mtu aliye macho, anayeogopa kitu usichokiona, ukangoja mpaka akuamini. Modesta anaweza. Wewe hujaweza hata kwa ndugu yako wa tumbo moja.

Farida, mama, usirudi nyuma. Mtu akikuuliza kama kwenu kuna mgonjwa, mwambie yupo, anaitwa Mfaume, na mwambie anavyobebesha miche. Kadi zote za kliniki zimo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda hiki, tangu ya kwanza. Hizo ni zako. Zisome moja moja, utaona alipokuwa na alipofika. Lakini kumpeleka kliniki si kazi yako, wewe una masomo.

Kazi hiyo ni ya Shafii. Shekhe, hili lishike vizuri. Kila mwezi, siku ya sindano, daktari huyu amtoe ndugu yake hapa, amfikishe hospitali kwa mlango wa mbele, wapite wote katikati ya mashuka, na kadi aishike yeye mwenyewe mkononi, si mfukoni. Akae naye kwenye benchi mpaka waitwe. Asitangulizwe kwa kuwa ni mkubwa, asimtume dereva, asimtume mtu wa usafi. Wenzake wakipita wamwone. Nilikunyonyesha miaka miwili, Shafii, radhi ya mama unaijua. Yako nimeiweka pale kwenye benchi. Ukitaka kuichukua, nenda kaketi.

Nipeni maji. Kidogo tu. Hapo... panatosha.

Mnaona ninavyohema. Sikilizeni yaliyobaki. Leo Jumanne, na sindano ya Mfaume ni keshokutwa Alhamisi. Kama nitaondoka kabla ya hapo, msije mkaniwekea msiba mkasahau. Nioshwe, nivikwe sanda, niwekwe ndani. Kliniki inafunguliwa saa mbili. Waende, wachome, warudi, adhuhuri nizikwe. Usinikunjie uso, Shekhe Bakari, najua maiti hacheleweshwi. Mimi sicheleweshwi. Namngoja mwanangu, na nimezoea kumngoja kwa jambo hilo. Modesta, nawe utafungua mlango mapema siku hiyo, eh? Usilie bwana. Unaniharibia wosia.

Mwanahamisi, umenilea uzeeni kama nilivyokulea utotoni, Mungu akupe watoto wa watoto wako wakubebe. Farida, Mungu akupe moyo mgumu na mikono laini. Modesta, wewe si wa dini yangu wala wa kabila langu, na sijapata ndugu kukushinda, malipo yako yako kwa Mungu. Mfaume... baba yangu wewe... hukuwahi kunitia aibu. Hata siku moja. Ulipougua nililia, lakini aibu, hapana. Radhi yangu kwako haina sharti.

Ngoja. Lingine. Siku ya kunizika hospitali nzima itakuja kwa ajili ya Shafii, magari yatajaa mpaka barabarani. Mfaume ndiye mwanangu wa kwanza wa kiume. Atashuka kaburini yeye kwanza, anipokee upande wa kichwa. Shafii utashuka... baada yake. Na hao madaktari wenzako, wakimwona aliyesimama na wewe mle ndani, watauliza, huyu nani. Utawajibu wewe. Si Shekhe. Wewe.

Hebu nijibu mimi kwanza, ningali nasikia. Inua uso. Huyu aliyekaa mbele yako... ni nani?

Sijasikia.

Sauti, baba. Ufike mlangoni. Ni nani wako?

Tena.