Tepu Saba za Mzee Wekoye

Mimi ni Ian, mtoto wa ndugu wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea jinsi Mzee Boniface Wekoye alivyoishi na jinsi alivyotutoka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Kibabii, akiwa wa tatu kati ya watoto wanane, akasomea huko huko hadi darasa la saba, kisha sekondari mjini Bungoma, alikomaliza mwaka 1971 akijulikana kwa hesabu na kwa ubishi. Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa karani na chama cha ushirika kilichowanunulia wakulima mashamba nje ya Kitale, na chama kilipoleta kompyuta yake mwaka 1980, makabati matatu marefu kumshinda, yaliyoshushwa kwenye lori na wanaume kumi na wawili, yeye ndiye aliyepelekwa Nairobi miezi tisa kufundishwa kuiendesha. Jina la kila mwanachama na namba ya shamba lake aliingiza kwa vidole vyake mwenyewe, yote yakahifadhiwa kwenye tepu saba, kila moja pana kama sahani ya wageni.

Alikuwa amemwoa Jentrix Nangila tarehe 20 Desemba 1978, wakajaliwa Edinah na Tonny.

Chama kilivunjika mwaka 1994, Mzee akaihamishia mashine nyumbani Tuwan, na Mama Edinah akakosa sebule tangu siku hiyo. Miaka miwili baadaye ofisi ya zamani iliungua na vitabu vyote vya wanachama, na hatukuwahi kuambiwa moto ulianzia wapi.

Mwaka jana familia mia tatu za wanachama zilipewa notisi za kuhama mashamba yao, ati majina yao hayapatikani popote. Mzee alizitoa tepu, akamwita Kimeli kutoka Cheptais, fundi wake wa zamani, wakaanza kuifufua ile mashine. Mwezi Machi mwaka huu wanaume wawili walikuja kwa gari lisilo na namba, wakarudi, na mara ya tatu mmoja akasema, "Mzee, si utuachie tu hizo takataka?" Mzee hakuinuka kitini. "Takataka gani bana, inayofuatwa na watu wazima mara tatu?" Waliondoka wakicheka, na Mama Edinah anasema kicheko hicho ndicho kilichomtia baridi.

Tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, pikipiki ilimgonga akitoka dukani, na aliyeiendesha hajapatikana hadi leo. Alilazwa hapa Kitale siku tisa, akimwelekeza Kimeli kwa simu, "Pole pole, tepu ikikatika ndio basi," mpaka majina yote yakachapwa tarehe 16. Alifariki Jumapili tarehe 18, na tulipokuwa mochari siku ya Alhamisi, watu walivunja mlango wa Tuwan, wakaiponda mashine na kubeba tepu zote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tuwan waliopiga kamsa, Kimeli, na wenzake wote wa chama walio hai.

Orodha iko kortini, iko kwa wakili, na kila familia iliyoketi hapa ina nakala yake, kwa hivyo yeyote aliyetumwa kuja kusikiliza, awaambie waliomtuma wasimsumbue mjane.

Pumzika kwa amani, Baba Edinah, sisi huku hatujalala.