Mama Nukta wa Gazeti la Kusikia (1950–2024)

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na wasikilizaji wote mliofika,

Mama Nukta alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1950, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Hivyo ndivyo isemavyo kadi ya kliniki. Dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa, anashikilia kuwa ilikuwa Jumapili, kwa sababu anakumbuka hakwenda shule siku hiyo. Familia imeandika siku iliyo kwenye kadi, naye dada amekubali kutobisha mpaka tumalize kuzika.

Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli, na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Nyumbani hapakuwa na kitabu. Zilikuwapo karatasi za magazeti zilizofungiwa sukari na sabuni dukani, ambazo marehemu alizinyoosha kwa kiganja na kuzisoma kwa sauti huku mama yake akipika. Dada yake anasimulia kuwa siku moja alisoma habari ya mtu aliyepotea msituni, na karatasi ikaishia palepale mtu huyo alipoona moshi kwa mbali. Marehemu alikimbia hadi dukani kuulizia kipande kilichobaki.

"Binti, mimi nauza sukari," mwenye duka akamwambia. "Habari siuzi."

"Basi usifungie sukari kwa habari nusu," akajibu.

Taarifa za jibu hilo zilimtangulia kufika nyumbani, na alikemewa vilivyo. Kukemewa huko hakukumbadili hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia Januari 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi mwishoni mwa 1968. Aliongoza darasa katika lugha na kushika mkia katika hesabu, na katika maisha yake yote alitaja matokeo hayo mawili kwa sauti ileile. Mwaka 1969 alijifunza kupiga taipu katika chuo cha uhazili.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa msomaji wa prufu katika kiwanda kilichochapa gazeti la mji. Kwa wasioijua kazi hiyo: watu wawili waliketi wakitazamana, mmoja akisoma kwa sauti maandishi ya mwandishi, mwenzake akifuata kwa penseli kwenye ukurasa uliopigwa chapa. Msomaji alitakiwa kutamka kila kilichoandikwa: koma, nukta, mabano, aya mpya. Marehemu aliifanya kazi hiyo, na baadaye akaisimamia, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2005.

Kiwandani ndipo alipokutana na mpanga herufi wa ghorofa ya chini, wakaoana Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974. Katika mahojiano yaliyorekodiwa sebuleni kwao mwaka 2003, mumewe alikiri kuwa mwaka mzima kabla ya kuposa alikuwa akitia makosa kwenye kurasa kwa makusudi, ili msomaji wa ghorofa ya juu ashuke ngazi kuja kumgombeza. Kwenye kanda hiyo marehemu anasikika akisema kutoka jikoni, "Nilijua. Hakuna mtu mwenye akili zake anayekosea neno 'na'." Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alifariki tarehe 6 Agosti 2008.

Sasa tufike kwenye kazi iliyowaleta wengi wenu hapa.

Mwaka 1990 rafiki mkubwa wa mumewe, fundi cherehani aliyewashonea suti na gauni la harusi, alipofuka kutokana na presha ya macho. Siku moja, akiwa mgeni wao, fundi alilalamika. "Shemeji, kila anayenisomea gazeti ananichagulia. Anapekua kurasa, anaguna peke yake, halafu ananiambia leo hakuna kitu. Sasa yeye kaguna nini?"

 Ijumaa, tarehe 12 Julai 1991, marehemu alijifungia chumbani na redio ya kaseti ya mumewe, akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele, akarekodi akisoma gazeti zima kuanzia jina lake hadi anwani ya mchapaji. Kesho yake fundi aliirudisha kanda akiwa hoi kwa kicheko.

"Shemeji, huyu diwani kweli alisema 'barabara itakamilika mwezi ujao nukta'?"

Mazoea ya kiwandani yalikuwa yamemponyoka, na ukurasa wa kwanza wote aliusoma pamoja na koma zake. Toka siku hiyo aliitwa Mama Nukta, na hata wanawe wakazoea. Fundi alikuwa na swali jingine pia.

"Na tangazo la miwani? Hilo nalo la kunisomea mimi?"

"Hata la miwani. Utaamua mwenyewe kwamba huna haja nalo."

Hiyo ikawa kanuni ya Gazeti la Kusikia, huduma ya kuwasomea wasioona iliyozaliwa na kanda hiyo, na kila aliyejitolea kusoma alifundishwa kabla ya kuonyeshwa maikrofoni: msomaji hachagui, hafupishi, haongezi. Kufikia 1994 huduma ilikuwa imehamia chumba cha nyuma cha maktaba, kuta zake zikiwa zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Wasomaji walikuja baada ya kazi zao, bila malipo. Kaseti zilisafiri kwa posta ndani ya mifuko ya kitambaa aliyoishona fundi mwenyewe kwa kupapasa, kila mmoja ukiwa na kadi yenye anwani mbili: upande mmoja ya msikilizaji, upande wa pili ya maktaba. Aliyemaliza kusikiliza aligeuza kadi na kuutia mfuko kwenye sanduku la posta. Aliyesahau kuigeuza, posta ilimrudishia mfuko wake mwenyewe. Muuguzi mmoja mstaafu alisikiliza toleo lilelile majuma kadhaa mfululizo, kisha akapiga simu kuisifu serikali kwa jinsi ilivyodhibiti bei ya mahindi. Marehemu alimwambia taratibu, "Dada, geuza kadi. Bei imeshapanda."

Kaseti zilipopitwa na wakati zilifuata flashi, za kuchomekwa kwenye redio ndogo walizoazimwa wasikilizaji. Sauti iliyofungua kila toleo ilibaki ileile moja, yake, na kwa wasikilizaji zaidi ya mia tatu gazeti na sauti hiyo vilikuwa kitu kimoja. Marehemu mwenyewe hakulipenda jambo hilo. Alikuwa akisema kuwa gazeti lenye msomaji mmoja ni mgonjwa anayesubiri siku yake.

Siku hiyo ilikaribia Februari 2021, madaktari walipogundua saratani kooni mwake. Walimweleza kuwa uhai wake ungeweza kuokolewa, lakini sauti ingeondoka na zoloto, kile kiungo cha kooni kinachoitoa. Mkwe wake, mtaalamu wa kompyuta na ndiye aliyetunza rekodi zote za Gazeti, alimletea pendekezo kwa nia njema kabisa: zipo rekodi za miaka thelathini, kompyuta ingeweza kujifunza sauti yake na kusoma kila Ijumaa kama vile yeye yupo. Aliyelishangilia zaidi pendekezo hilo alikuwa fundi, mwenyekiti wa wasikilizaji. Marehemu alilikataa. Alitaka nafasi yake ishikwe na dereva wa teksi aliyekuwa akipeleka mifuko posta na kusoma ukurasa wa michezo. Kabla hawajaelewana alilazwa, na Alhamisi, tarehe 22 Aprili 2021, alipasuliwa.

Alipona. Alipumua kupitia tundu shingoni, akarudi kupalilia bustani yake, na neno hakuweza kutamka tena. Alijaribu kile kifaa cha kushikiza shingoni ili kutoa sauti. Fundi akasema kinamkumbusha nyuki ndani ya kopo, naye akakiweka kando. Hapo ndipo ilipodhihirika hali ambayo hakuna aliyeiwaza mapema. Marehemu aliweza kuandika tu, na rafiki yake wa miaka mingi hakuweza kuona. Ugomvi wao ulibaki katikati, na hapakuwa na njia ya kuumaliza wakiwa wawili tu.

Fundi naye alikuwa ametamka kuwa dereva akifungua toleo, yeye anarudisha redio, na wasikilizaji wengi walisema watamfuata. Kwa majuma kadhaa Gazeti lilisimama. Lilikuwa halijawahi kusimama.

Jumamosi, tarehe 19 Juni 2021, marehemu aliingia kwenye teksi ya dereva akiwa na kibao cheupe cha kuandikia, akamwonyesha anwani ya fundi. Yafuatayo yametokana na masimulizi ya fundi na ya dereva, yaliyochukuliwa kila mmoja kwa wakati wake. Yanatofautiana tu kuhusu nani alicheka kwanza.

Waliketi sebuleni kwa fundi. Marehemu aliandika, akampa dereva kibao.

"Mzee wangu," dereva akaanza, "Mama anakusalimia, anasema anaomba mwelewane—"

Marehemu alipiga meza kwa kiganja.

"Kapiga nini huyo?" fundi akauliza.

"Meza, mzee."

"Kwa nini?"

Dereva alikohoa. "Kwa sababu hajaandika hivyo."

"Kaandika nini?"

"Mzee, naomba radhi. Ameandika, 'Shemeji, umezeeka vibaya.'"

 Fundi akasema, "Mwambie yeye ndiye mzee, mimi ni wa makamo."

"Anakusikia, mzee. Masikio anayo."

Marehemu akaandika tena, na safari hii dereva alisoma bila kukohoa. "'Ulilalamika kwamba watu wanakuchagulia habari. Leo wewe unawachagulia watu mia tatu wakose gazeti kwa sababu ya sauti yangu.'"

"Sauti yako ndiyo gazeti langu, shemeji," fundi akasema. "Nilipoingia gizani ndiyo iliyonishika mkono. Kompyuta inaweza kuirudisha. Unaninyima kwa nini?"

Jibu lilichukua muda kuandikwa. Kibao kilijaa, kikafutwa, kikajaa tena. Dereva alilisoma lote. "'Yule wa kwenye kompyuta hajui kama leo nimeamka. Akisoma tangazo la kifo cha jirani yetu, hatamjua. Nikifa ataendelea kusoma kama vile sijafa. Sitaki kukudanganya kila Ijumaa. Nilikusomea kwa sababu nilikuwa hai na nilikuwa hapa. Tafuta mtu aliye hai. Na acha ukaidi, wewe mzee mwenye kichwa kigumu kuliko mashine yako ya kushonea.'"

Dereva aliishia hapo. Fundi akamgeukia.

"Hilo la mwisho, la mashine. Lipo kweli au umeongeza?"

"Lipo, mzee. Mimi siongezi."

"Na lile la kuzeeka vibaya ulitaka kulificha."

"Nilitaka. Mama akapiga meza."

Fundi alianza kucheka, au marehemu alianza, masimulizi hayakubaliani. Wote wawili wanakubaliana juu ya kilichofuata. Fundi alinyoosha mkono hewani mpaka marehemu alipoushika, akasema, "Basi shemeji, nimekusikia. Mtu anayeweza kunisomea matusi yangu mbele ya uso wangu, hatanificha bei ya unga. Mpe gazeti."

Gazeti la Kusikia lilirudi Ijumaa iliyofuata, tarehe 25 Juni 2021, likifunguliwa na sauti ya dereva. Alijikwaa kwenye kila tarakimu kubwa. Wasikilizaji wachache walirudisha redio, na wengi wao wakazichukua tena kabla mwaka haujaisha. Marehemu alifika kila juma kwenye chumba cha maktaba, akaketi mbele ya msomaji na ukurasa wake na penseli, akifuatilia. Palipokosewa aligonga meza, mstari ukarudiwa. Chini ya mkono wake wasomaji waliongezeka hadi kumi na mmoja, na alipanga zamu kwa namna ambayo hakuna sauti iliyofungua matoleo mawili mfululizo. Jumapili alikwenda kwa fundi pamoja na yeyote aliyekuwa tayari kusoma kibao, na waliowahi kufanya kazi hiyo wanajua walivyotukanana kwa raha.

Juni mwaka huu saratani ilirejea, safari hii mapafuni. Alitibiwa kwa upole na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao familia inawashukuru. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, binti yake mkubwa akiwa kando ya kitanda.

Baadhi ya wasomaji walipendekeza toleo la juma hili lifunguliwe kwa rekodi ya sauti yake. Fundi ndiye aliyesema hapana. Jana, Ijumaa, alipelekwa maktaba akaketi kwenye kiti cha marehemu wakati wa kurekodi. Dereva alisoma habari za mji, bei za soko na barua za wasomaji, na alipofika kwenye matangazo ya vifo alisoma la marehemu mahali lilipochapwa, la tatu kutoka juu. Sauti yake ilikatika katikati ya jina. Fundi aligonga meza, naye akaurudia mstari mpaka mwisho, kisha akaendelea na tangazo la nne.

Marehemu ameacha watoto watatu: binti muuguzi, mwana fundi umeme na binti mwalimu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada mkubwa na kaka wawili, shemeji yake fundi cherehani, wasomaji kumi na mmoja wa Gazeti la Kusikia, na wasikilizaji wake wote, ambao Ijumaa ijayo watapata gazeti lao zima.

Mama Nukta, pumzika bila wasiwasi. Kazi ina watu.