Arvid Kangas, Aliyepata Joto kwa Zamu ya Jirani

Tunayemsindikiza leo ni Arvid Eino Kangas, mume wa Lempi, baba wa Marlene na Wayne, mnoa misumeno wa kiwanda cha mbao hapa Pelto. Alifariki tarehe 9 Februari 2016, ardhi ikiwa imeganda, akangoja pamoja na marehemu wengine wa majira ya baridi mpaka sasa ambapo sepetu inaweza kuingia. Kwa kawaida wasifu husomwa makaburini. Huu unasomwa hapa kwenye ukumbi wa kata, kabla ya kahawa, kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo. Yapo maneno aliyoyasema humu ndani mwaka 2009, na yapo mengine aliyoahidi kuja kuyasema humu humu, lakini hakuyasema. Sasa yameiangukia familia yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Januari 1938, katika sauna ya babu yake, yaani chumba cha kuogea mvuke, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa kisafi na chenye maji ya moto, na akina mama wa siku zile walijifungulia humo. Alikuwa mtoto wa nne wa Eino na Hilja Kangas. Hilja alikuwa akisimulia kwamba walipomtoa kumpeleka nyumba kubwa, mtoto alipiga kelele njia nzima, na walipomrudisha kwenye joto akanyamaza na kulala. Mwenyewe hakupenda hadithi hiyo isimuliwe mbele ya watu.

Alisoma shule ya Pelto mpaka darasa la nane. Wakati wa baridi kila mtoto alitakiwa kuja na gogo moja la kuni kwa ajili ya jiko la darasani. Asiyekuja nalo alikaa mbali na jiko. Weikko Niemi, ambaye yuko hapa nasi, anasema nyumbani kwao hapakuwa na gogo la kutoa, na kwamba Arvid alikuwa akibeba mawili, moja akilitupa miguuni pa Weikko nje ya mlango bila kusema lolote. Hakuwahi kulitaja. Tunaliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linafanya yanayofuata yawe magumu zaidi kuyaelewa.

Alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba mpaka ulipofungwa, kisha akaingia kiwanda cha mbao na kukaa huko hadi alipostaafu mwaka 1999. Msumeno alikuwa akiunoa huku akiusikiliza. Vijana wa kiwandani walimwogopa kidogo. Hakuchelewa kazini, hakukopa, na hakuwa mtu wa kusema asante, maana hakuona kama amewahi kupewa kitu.

Tarehe 23 Juni 1962, siku ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, alifunga ndoa na Lempi Saari katika kanisa letu la Kilutheri. Nyumba ya Barabara ya Kinu aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba imara, lakini upepo ulipita humo kama mwenye nyumba. Chini, kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, aliweka sauna, na kila Jumamosi jioni majirani walikuja na taulo zao kwapani, wakaoga mvuke, wakapanda juu kunywa kahawa na mkate mtamu wa Lempi. Wengi wenu mmekaa kwenye meza ile.

Sasa tunafika mwaka 2009.

Mwaka ule serikali kuu ilitoa fedha za kuamsha uchumi. Sehemu yake ilipitia jimboni ikafika wilayani, ya kuziba nyumba za watu zinazovuja baridi: kujaza pamba darini, kuziba nyufa, kubadilisha majiko mabovu. Mwishoni mwa Machi, kwenye mkutano wa kata, Denise Hautala wa njia panda alisimama akaomba kata iwaazime ukumbi maofisa wa mpango huo, ili watu wajiandikishe hapa hapa bila kusafiri mpaka mjini. Hakuomba zaidi ya hapo.

Arvid akasimama. Alisema, "Mimi nakata kuni tangu nina miaka sita. Mwenye baridi aingie msituni. Asiingie mfukoni mwangu."

Watu wakapiga makofi. Denise akajibu, "Nyumbani kwangu hakuna wa kuingia msituni, Mzee Kangas."

"Basi olewa," Arvid akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Curt, mume wa Denise, alikuwa amekufa msituni mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, ameangukiwa na mti akikata kuni za wanawe. Hakuna aliyekuwa humu asiyejua. Arvid alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Hatuna namna nzuri ya kuandika hili, na hata yeye hakuwahi kuipata. Alisema tu kwamba lile neno lilimtoka kwa kuwa makofi yalikuwa matamu.

Denise alichukua koti lake akatoka. Jina lake, ambalo alikwisha kuliandikisha mjini, alilifuta wiki ile ile. Majira ya baridi yaliyofuata yeye na watoto wake watatu walifunga vyumba vya juu na kulala jikoni. Arvid alipita pale na gari mara nyingi. Aliona madirisha ya juu yameganda barafu kwa ndani, na mwanga uko jikoni tu. Aliona, akapita.

Baridi ile ile ilimshika na Lempi kifuani. Bila kumwambia mumewe akajiandikisha. Barua ya kukubaliwa ilipokuja, Arvid aliisoma amesimama.

"Umefanya nini, wee mwanamke?"

"Nimeomba wazibe nyumba. Nasikia baridi, Arvid. Tangu umenioa nasikia baridi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nani? Wewe, au lile shoka lako?"

Akakubali, lakini kwa masharti. Gari la mafundi lifichwe nyuma ya ghala, na kibao cha mpango kisisimikwe uani. Mafundi walikuwa na nyumba nyingi na muda mfupi, maana fedha zile zilikuwa na mwisho wake, kwa hiyo walifanya kazi hata Jumamosi. Zamu ya Barabara ya Kinu ikaangukia Jumamosi, tarehe 13 Novemba 2010.

Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, Gerard Beauchamp. Mafundi hawa huanza kwa kufunga feni kubwa mlangoni, inayovuta hewa ya ndani kuitupa nje, ili upepo wa nje uingie kwa nguvu kila penye ufa wapate kuuona. Kabla ya kuiwasha ni lazima kila moto uzimwe, la sivyo feni huvuta moshi wa bomba la jiko kuurudisha ndani.

"Mzee, kuna moto wowote unaowaka humu?" Gerard akauliza.

"Hakuna."

"Na ule moshi wa bombani?"

"Wa asubuhi ule. Unamalizikia."

Ukweli ni kwamba chini, nyuma ya mlango alioufunga kwa kufuli na kusema ni stoo, sauna ilikuwa inachemka. Ilikuwa Jumamosi. Majirani wangekuja, na wasipoona moshi wangeuliza kulikoni. Arvid alidhani mafundi watamaliza na kuondoka kabla giza halijaingia. Gerard naye alikuwa na haraka, akamwamini mzee wa watu.

Feni ikawashwa. Kwanza mapazia yalicheza. Kisha ngazi za kutoka chini zikaanza kutoa moshi mweusi, na nyuma ya moshi likaja jivu, na masizi ya miaka yote yaliyolala kwenye bomba lile. Vikaingia jikoni, kwenye mkate wa Lempi, kwenye picha ya harusi, kwenye masharubu ya Gerard. Gerard akaizima feni huku akipiga kelele, akamtoa Lempi nje kwa mkono, akafungua madirisha yote. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu.

Na hapo ndipo majirani walipofika uani na taulo zao.

Weikko Niemi akachungulia mlangoni. "Arvid! Leo sauna imehamia sebuleni?"

 Mafundi wakatoka mmoja mmoja, weusi, na maandishi ya mpango mgongoni mwa makoti yao. Watu wakasoma.

"Ehee," Weikko akasema polepole. "Kumbe aliyeingia mfukoni mwako ni wewe mwenyewe."

Walicheka mpaka wakashikana. Lempi naye akacheka, masizi usoni, akikohoa. Arvid alisimama kwenye theluji na soksi. Hata hivyo, mwenyewe alikuwa akisema kwamba hiyo haikuwa aibu. Kuchekwa kulimstahili. Aibu ilikuja baadaye, majirani walipokwisha kwenda, Gerard akiwa amepiga magoti anafuta ngazi.

"Ungeniambia tu, mzee. Tungengoja mpaka Jumatatu." Kisha, ili kumliwaza, akaongeza, "Lakini mna bahati nyinyi. Foleni ilikuwa ndefu. Kuna mama mmoja wa hapa hapa Pelto alijitoa, nafasi yake ikabaki wazi, ndiyo akapewa mama huyu wako. Unamfahamu?"

"Hapana," Arvid akasema.

Lempi alikuwa mlangoni na ndoo, akasikia swali, akasikia na jibu.

Mafundi walirudi Jumatatu wakaimaliza kazi vizuri. Majira ya baridi yale nyumba ilikuwa na joto kama haijawahi kuwa. Kifua cha Lempi kikapona. Arvid alikaa kwenye joto lile na koti mwilini. Lempi alipomwambia avue, alisema atavua baadaye.

Alikwenda kwa maofisa wa mpango kuomba jina la Denise lirudishwe. Wakamwambia ni lazima mwenyewe aombe, na atakaa mwisho wa foleni. Akapeleka kuni zilizopasuliwa, akazipanga kando ya lango la Denise alfajiri. Jioni yake watoto wa Hautala wakazirudisha zote kwa kibao cha kuteleza thelujini, wakazipanga vizuri kuliko yeye. Mwishowe akaenda mwenyewe, akavua kofia jikoni kwa Denise, akamwambia kila kitu, pamoja na habari ya zamu. Alimwomba msamaha.

Denise alikuwa anamenya viazi. Alisema, "Mzee Kangas, ulinisema ukumbini, kata nzima imekaa. Hapa tupo mimi na sufuria. Kaseme kule."

"Nitasema."

"Haya."

Mikutano ya kata ikapita, mwaka baada ya mwaka. Kila Machi alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaja, akakaa kiti cha nyuma na mikono magotini. Akirudi, Lempi alimngoja.

"Umesema?"

"Ajenda ilikuwa ndefu."

"Ilikuwa na mitaro tu, Arvid. Nimeisoma ubaoni."

Mwaka 2012 fedha zile zikaisha. Kikosi cha Gerard kikavunjwa, foleni ikarudi kuwa ya miaka mingi. Nyumba ya njia panda haikuzibwa. Mpaka leo haijazibwa.

Oktoba 2015 marehemu alipata kiharusi akiwa ghalani. Kilichukua upande wa kulia na kikachukua ulimi. Alitibiwa hospitali ya mjini, kisha akauguzwa nyumbani na Lempi na Marlene. Tunawashukuru wauguzi waliokuja kwenye theluji. Maneno yalimrudia kidogo kidogo, moja leo, jingine keshokutwa, na ya kwanza kueleweka hayakuwa jina la mke wala la mtoto. Yalikuwa "ukumbini" na "Denise". Kwa wiki kadhaa alikuwa akiijenga habari hii namna hiyo, na sisi tukiiunganisha, yeye akikataa kwa kichwa pale tulipoilainisha.

Marlene alimwambia, "Baba, ni mazishi. Mtu huagwa kwa mema yake."

Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda mrefu kusema, "Yote. Pale pale."

Alifariki nyumbani saa nne asubuhi, katika chumba chenye joto, Lempi amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Lempi. Watoto wawili, Marlene na Wayne. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Dada yake Aili wa Duluth. Na rafiki yake wa tangu shuleni, Weikko Niemi.

Kabla ya kuandika haya Lempi alikwenda njia panda kumwuliza Denise kama anakubali jina lake litajwe. Denise alisema litajwe, maana siku ile lilitajwa huku kila mtu akicheka. Alipoulizwa kama atakuja, alisema hajui.

Basi haya ndiyo maneno ya Arvid Kangas, jinsi alivyoyatoa, na familia yake inasimama yanaposomwa: "Denise Hautala, nilikutukana humu. Uliomba haki ya watu wote, nikakufanya ombaomba, kisha nikaichukua zamu yako nikaota moto nayo. Nikaulizwa kama nakujua, nikakukana. Nilikosa. Curt alikuwa mtu mwema."

Kama mama Denise yupo humu, tunaomba jambo moja tu kwenu nyote. Msigeuke kumtazama. Hana jibu analolazimika kutupa. Akitaka kubaki kunywa kahawa, kiti kipo. Akitaka kuondoka, mlango uachwe wazi apite kwa amani.

Na Arvid, Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.